Masista Watano wa Polonia



Ukitoka Masindi mjini ukashika njia iendayo msitu wa Budongo, utafika Nyabyeya, na hapo utalikuta kanisa la Kikatoliki lililojengwa na watu waliotoka mbali sana. Walikuwa wakimbizi kutoka Polandi. Waliletwa Uganda wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baada ya kuhamishwa kwa nguvu kutoka makwao na kupelekwa Siberia na Asia ya Kati. Walikaa hapo miaka michache, kisha wakatawanyika duniani. Mwanafunzi wangu mmoja, baada ya kusikia habari hizo, aliniuliza: "Mwalimu, watu wasio na nia ya kukaa wanajenga kanisa na kufungua shule za nini? Si wangengoja tu meli?"

Jibu nililompa darasani lilikuwa fupi mno kwa swali zuri namna hiyo. Leo nimeketi kulipanua, na ili nilipanue sina budi kuondoka Uganda kabisa na kurudi nyuma miaka takriban sabini kabla ya Nyabyeya, hadi kijiji kidogo katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Kijiji hicho huitwa Polonia. Ni jina la Kilatini la nchi ya Polandi, na wakati kijiji kilipopewa jina hilo, nchi yenyewe haikuwepo kwenye ramani.

Naomba usilipite jambo hilo haraka. Polandi ilikuwa ufalme mkubwa wa Ulaya, lakini majirani zake watatu, yaani Urusi, Prusia na Austria, waliigawana vipande mara tatu: mwaka 1772, 1793 na 1795. Baada ya mgawo wa tatu hakikubaki kipande cha kugawana. Kwa miaka 123, hadi mwaka 1918, Mpolandi alizaliwa akiwa raia wa mfalme wa watu wengine, na kila mtawala alikuwa na maoni yake kuhusu lugha ambayo mtoto wa Kipolandi alipaswa kufundishiwa. Upande wa Austria ulilegezwa kidogo kidogo. Upande wa Urusi, hasa baada ya uasi wa mwaka 1863 kuzimwa, Kirusi kiliingizwa kwa nguvu maofisini na shuleni. Upande wa Prusia, kuanzia miaka ya 1870, serikali iliamuru watoto wafundishwe kwa Kijerumani. Mwaka 1901, katika mji wa Września, watoto walikataa kujibu kwa Kijerumani hata katika kipindi cha dini. Walichapwa viboko, na baadhi ya wazazi waliokwenda kulalamika wakaishia gerezani.

Mtu aliyetoka katika nchi kama hiyo akahamia Marekani alikuwa amekwisha kujifunza somo moja: anayeshika shule ameshika mengi.

Sasa niwatambulishe masista. Mwaka 1855, katika mji wa Warsaw, binti mmoja wa ukoo wenye uwezo, Zofia Truszkowska, alianza kuwakusanya watoto wa mitaani na wazee wasio na msaada. Aliwapeleka watoto hao kusali katika kanisa la Wakapuchini, mbele ya altare ya Mtakatifu Feliksi wa Cantalice, na watu wa mjini wakaanza kuwaita wanawake waliofanya kazi naye kwa jina la mtakatifu huyo. Ndiyo asili ya jina Wafelisiani. Zofia mwenyewe alichukua jina la kitawa la Maria Angela.

Hapa niruhusu nichepuke kidogo, kwa kuwa wengi wenu mnasoma ukurasa huu ili mjifunze Kiswahili. Neno "mtawa" linatokana na kitenzi "kutawa", chenye maana ya kukaa ndani bila kuonekana hadharani. Hivyo kamusi inatufanya tudhani kwamba mtawa ni mtu aliyejifungia. Masista wa Mama Angela, walio wengi, hawakutawa hata kidogo. Walifungua shule vijijini, wakawafundisha watoto wa wakulima kusoma, na uasi wa mwaka 1863 ulipolipuka waliwauguza majeruhi wa pande zote mbili, Wapolandi na Warusi. Serikali ya Urusi haikuwashukuru. Desemba 1864 iliwafutia shirika lao, wakaamriwa kuvua mavazi ya kitawa na kurudi makwao. Waliojikusanya upya walifanya hivyo Kraków, upande wa Austria.

Uasi huohuo ulimfukuza nchini kijana mwingine, Józef Dąbrowski, mwanafunzi wa Warsaw aliyepigana na Warusi na kulazimika kukimbia. Alifika Roma, akapata upadri mwaka 1869, na mwaka uliofuata alikuwa tayari msituni Wisconsin akiwahudumia wahamiaji wa Kipolandi. Huyu hakuwa mtu wa kubembeleza. Kanisa alilolikuta lilikuwa limezungukwa na vilabu vya pombe, na waumini walikuwa wakitoka misani na kuingia vilabuni bila hata kupumua. Padri aliwaonya, hawakusikia. Basi akaamua kulihamisha kanisa lenyewe, mbao kwa mbao, akalisimamisha kwenye kilima mbali na vilabu. Mahali hapo papya ndipo palipoitwa Polonia. Nawaza jinsi wenye vilabu walivyosimama mlangoni wakiangalia mabehewa ya ng'ombe yakiondoka na wateja wao.

Kanisa lilipopatikana, ilikosekana shule. Dąbrowski aliandika barua Kraków kuwaomba Wafelisiani, nao wakakubali. Novemba 1874 masista watano walishuka New York, wakasafiri kwa treni hadi Wisconsin, wakaingia katika nyumba ya mbao kwenye baridi ambayo sisi wa ikweta hatuwezi kuikisia. Majina yao ya kitawa yalikuwa Monika, Kajetana, Wacława, Wincenta na Rafaela. Wiki chache baadaye, Desemba, shule ilifunguliwa. Kabla ya mwaka kutimia tangu wafike, moto uliteketeza kanisa na makazi yao, wakaanza upya.

Wangefundisha kwa lugha gani?

Unaweza kusema bila kufikiri: kwa lugha mama ya watoto, yaani Kipolandi. Nami niliamini hivyo hadi niliposoma zaidi. Wahamiaji wa kwanza wa eneo lile, waliofika tangu mwishoni mwa miaka ya 1850, wengi wao walikuwa Wakashubi kutoka karibu na bahari ya Baltiki, katika sehemu iliyotawaliwa na Prusia. Kikashubi ni ndugu wa Kipolandi, lakini ni ndugu mwenye nyumba yake. Matamshi ni mengine, maneno mengi ni mengine, na wataalamu wengi wa isimu leo wanakihesabu kuwa lugha kamili. Masista walikuja na Kipolandi sanifu cha Warsaw na Kraków. Kwa hiyo mtoto wa Kikashubi aliyeingia darasani Polonia alikutana na lugha ya vitabu iliyofanana na ya mama yake bila kuwa ya mama yake. Anayetoka Lamu akizungumza Kiamu, kisha akasahihishwa shuleni kwa Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja, anaijua hisia hiyo, ingawa umbali wa Kikashubi na Kipolandi ni mkubwa zaidi.

Nalisema hili kwa sababu historia za shule za namna hii hupenda kuandikwa kama kwamba kulikuwa na lugha mbili tu, ya kwetu na ya wageni. Polonia kulikuwa na tatu. Ya jikoni haikuwa na kitabu wala mwalimu, na hakuna sheria iliyopitishwa kuitetea au kuipiga marufuku. Ilipungua kimyakimya, shule mbili kubwa zikiwa zinagombana juu ya kichwa chake.

Ugumu mwingine ulikuwa vitabu. Vitabu vya kusomea vilivyotoka Ulaya vilizungumzia nchi nyingine, fedha nyingine na vipimo vingine. Mtoto wa Wisconsin angefanyaje hesabu za sarafu ambayo hajawahi kuishika? Dąbrowski, aliyekuwa amesomea hisabati, aliweka mtambo wa kuchapa na kuanza kutoa vitabu vya shule vya Kipolandi vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa Marekani, nao masista wakajifunza kazi ya uchapaji. Mwalimu yeyote aliyewahi kunakili zoezi zima ubaoni kwa kuwa darasa lina nakala tatu za kitabu ataelewa kwa nini mtambo ule ulimsumbua padri usingizini.

Shule ya Polonia haikuwa kubwa, na kama ingebaki peke yake nisingekuwa na la kuandika. Kilichoikuza ni wasichana. Mabinti wa wakulima wahamiaji walianza kuomba kujiunga na shirika, wakalelewa kuwa masista na kufunzwa kuwa walimu, kisha wakatumwa parokia nyingine zilizokuwa zikililia walimu wanaojua Kipolandi. Mwaka 1882 makao makuu ya Wafelisiani wa Marekani yalihamia Detroit, katika mtaa wa Wapolandi, jirani na kanisa la Mtakatifu Adalberti. Huko walifungua shule ya bweni ya wasichana iliyowaandaa pia walimu. Dąbrowski naye aliwafuata na kuanzisha, mwaka 1885, seminari ya Kipolandi ambayo baadaye ilihamia Orchard Lake. Alipofariki mwaka 1903, masista watano wa mwanzo walikuwa wamekuwa mamia.

Tusijidanganye kuhusu gharama. Shule za parokia ziliwezekana kwa sababu wanawake hao walikuwa na nadhiri ya ufukara. Walifundisha madarasa yaliyofurika kwa posho ambayo mwalimu wa serikali asingeikubali, na wengi walisimama mbele ya wanafunzi wakiwa bado wasichana, mafunzo yao hayajakamilika. Wazazi, nao, walilipa mara mbili: kodi kwa shule ya serikali ambayo watoto wao hawakwenda, na mchango kwa shule ya parokia. Hakuna aliyewalazimisha. Hilo peke yake linatuambia jinsi walivyoithamini.

Na Kiingereza je? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Katika shule nyingi za Kipolandi za wakati ule siku iligawanywa: dini, kusoma na historia ya Polandi kwa Kipolandi, na masomo kama jiografia kwa Kiingereza, kadiri mwalimu alivyokiweza. Masista walijua kwamba watoto wao wangeishi Marekani. Baadhi yao walikuwa wakijifunza Kiingereza jioni, wapate cha kukifundisha asubuhi.

Mwaka 1889 bunge la Wisconsin lilipitisha sheria iliyoitwa Sheria ya Bennett. Ilitaka kila mtoto wa miaka 7 hadi 14 asome angalau wiki 12 kwa mwaka, na shule isihesabiwe kuwa shule kama haifundishi kusoma, kuandika, hesabu na historia ya Marekani kwa Kiingereza. Gavana William Hoard, mtu wa magazeti na mtetezi mkubwa wa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliiunga mkono kwa moyo wote.

Niwatendee haki waliotunga sheria hii. Watoto wengi walikuwa wakifanya kazi badala ya kusoma, na sheria ililenga pia ajira ya watoto. Tena kuna hoja nzito katika kusema kwamba raia asiyeweza kusoma sheria za nchi yake hawezi kujitetea mbele yake. Hoard aliamini kwamba alikuwa akimwokoa mtoto. Lakini sikiliza sheria hiyohiyo kwa sikio la baba aliyetoka Prusia. Alikuwa amehama nchi ambako serikali ilimwamuru mwanawe asome kwa lugha ya watawala. Amevuka bahari, amekata miti, amechangia mbao za shule, na sasa serikali nyingine, ambayo yeye mwenyewe ana haki ya kuipigia kura, inamletea amri ya sura ileile. Angeamini vipi kwamba safari hii nia ni njema?

Waliopinga hawakuwa Wapolandi pekee, wala hawakuwa wa kwanza. Walutheri wa Kijerumani, waliokuwa na shule nyingi zaidi, walikuwa mstari wa mbele. Machi 1890 maaskofu Wakatoliki wa Wisconsin walitoa tamko la kuipinga. Walutheri na Wakatoliki, watu ambao kwa kawaida hawakukaa meza moja, walijikuta upande mmoja. Na silaha yao ilikuwa karatasi ya kura. Novemba 1890 Hoard alishindwa na George Peck, mwandishi wa visa vya kuchekesha aliyekuwa meya wa Milwaukee. Mwaka 1891 sheria ilifutwa, na mahali pake ikawekwa nyingine iliyoendelea kuwalazimisha watoto kwenda shule bila kutaja lugha.

Mimi ningekuwa upande wa Peck, na nasema hivyo nikiwa mwalimu anayeishi kwa lugha iliyowekwa kwenye mitaala kwa uamuzi wa serikali. Najua namna Kiswahili kilivyopokelewa na sehemu kubwa ya Uganda: lugha ya askari, lugha ya kuamrishwa. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, nami nilifurahi sana. Halafu nikakumbuka nyuso za wazazi wanaoniuliza kwa nini nisimwache mtoto wao asome masomo yatakayompa kazi. Furaha yangu haikuondoka, ila tangu siku hiyo huwasikiliza wazazi hao hadi mwisho wa maneno yao kabla ya kufungua kinywa.

Ushindi wa mwaka 1891 haukudumu. Vita vya Kwanza vya Dunia viliifanya kila lugha ya kigeni Marekani ionekane kama usaliti. Hata ndani ya Kanisa upepo uligeuka: Chicago, mwaka 1916, Askofu Mkuu George Mundelein aliagiza masomo ya kawaida katika shule za parokia yafundishwe kwa Kiingereza, lugha nyingine zibakie kwa katekisimu na kusoma. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska lilikwenda mbali zaidi na kupiga marufuku kumfundisha mtoto mdogo lugha yoyote ya kigeni. Mwalimu wa shule ya Kilutheri, Robert Meyer, alitozwa faini kwa kumfundisha mtoto wa miaka kumi kusoma Kijerumani. Alikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1923 akashinda. Miaka miwili baadaye, katika kesi iliyofunguliwa na masista wa shirika jingine huko Oregon, mahakama hiyo iliamua kwamba serikali haiwezi kuwalazimisha watoto wote kusoma shule za umma tu. Shule za Wafelisiani zilikuwa zimepata kinga ya kisheria.

Na wakati huohuo zilikuwa zikiacha Kipolandi. Hapana mtu aliyewaamuru sasa. Watoto wa viwanda vya magari vya Detroit walizungumza Kiingereza mtaani, wakaoana kwa Kiingereza, wakawaleta watoto wao kwa masista waliokuwa, wao pia, wajukuu wa wahamiaji. Kipolandi kikashuka kutoka lugha ya kufundishia hadi kuwa somo, na kutoka somo hadi wimbo wa Krismasi. Chuo ambacho masista walikianzisha Michigan mwaka 1937 ndicho leo kinachojulikana kama Madonna University, Livonia, na ukiingia humo utafundishwa kwa Kiingereza kama chuo kingine chochote cha pale.

Je, walishindwa? Mwanafunzi wangu wa swali la Nyabyeya angesema ndiyo, nami sikubaliani naye moja kwa moja. Lugha ilikaa darasani kwa karibu vizazi viwili, muda ambao ulitosha mjukuu kuzungumza na bibi aliyekuja na meli. Na iliondoka kwa hiari ya wenyewe, polepole, bila kiboko cha Września. Kwangu mimi tofauti hiyo ni kubwa. Lakini nakiri kwamba kwa lugha yenyewe, kufa kwa kiboko na kufa kwa kusahauliwa kunaishia kaburi moja.

Aprili hadi Juni 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia katika nyumba ya masista Wafelisiani huko Livonia, masista 13 walifariki. Mdogo wao alikuwa na miaka 69, mkubwa 99. Wengi walikuwa wamefundisha maisha yao yote.

Zoezi lenu, basi. Jifanye wewe ni mjumbe wa bunge la Wisconsin mwaka 1889, na Sheria ya Bennett imewekwa mezani. Utapiga kura ipi, na utamwambia nini baba Mkashubi anayekungoja nje ya mlango? Niandikie aya mbili, kwa Kiswahili sanifu. Ukiona kuna neno la nyumbani kwenu lisilo na mfano wake katika sanifu, liandike hivyohivyo, nami nitakuuliza maana yake.